Funguo ya robinet iko ku shingo ya Georgette

Beni, jumamosi, siku ya posho

Yaya Masika mupenzi,

Ninakusalimia wewe na batu bote ba nyumbani. Uniambie kwanza mugongo ya Mama inaendelea namna gani, na kama Baba alisha pona ile kikohozi. Mimi niko muzima, ninakula, kichwa hainiume. Barua hii nitaiweka mu mukono ya ule chauffeur wa camion ya mbao mwenye anakulaka kwetu, kama barabara itafunguka. Juma hii yote askari bamefunga barrière ya barabara, hakuna gari inapita kwenda Butembo. Donc ikichelewa, usikasirike. Na ukiisha kuisoma, usiisomee Mama. Umuambie tu kama niko salama.

Ninataka kukuambia jambo yenye sijaambia hata padri.

Unajua mimi ni mutu wa sauti kidogo. Siku Baba alinipandisha camion nikuye kusoma huku, juu askari balikuwa banalala mu kalasi zetu, nilikuonea wivu wewe, juu ulibakia karibu ya Mama. Nilizani wivu itaishia pale ku camion. Haikuishia.

Hapa kwa baba mudogo kuna binti yake Georgette. Miaka yetu ni moya. Jina yake ya kwetu ni Masika, sawa wewe, juu ni binti wa kwanza. Mimi ni Kavira kule, Kavira huku, wa pili fasi zote. Yeye anachekaka na kila mutu. Akipita, ule mama mwenye anauzisha mihogo ku kona anamuita chérie. Kisha ananiangalia mimi, anauliza: "Na huyu ni nani?" Kila juma anauliza tena.

Mwezi yenye ilipita tulihamia mu nyumba mupya ya baba mudogo, mu quartier yenye ingali na majani. Kwetu Bulengera tunashuka tu ku source, ku chemchemi, hakuna mutu anakuuliza karatasi. Huku maji ni ya muzee moya mufanyabiashara, alivuta tuyau toka mulima. Ukitaka robinet, ile bomba ya maji, mu lupango ya nyumba yako, unaenda ku bureau yake na karatasi ya chef wa quartier, unasaini contrat ya Kifaransa, fundi anakuya kuchimba. Robinet inakaa mu kisanduku ya mbao yenye cadenas, kufuli. Na mwenye kushika funguo ya ile cadenas ndiye anafungulia majirani. Asubui bote banamusalimia yeye kwanza, mbele hata ya mama mwenye nyumba.

Siku fundi alikuya, alianza kuchimba inje, pembeni ya barabara, ili patron auzishe maji kwa bapitaji pia. Baba mudogo akamuambia:

"Fundi, robinet yangu ni ya ndani."

"Papa, ni vile patron anasema. Ni hapa ama hakuna."

Mimi nilikuwa na contrat mu mukono, juu baba mudogo hakusoma sana Kifaransa na makaratasi ananipatiaka mimi. Niliona pale: robinet itakaa fasi mwenye nyumba anaonyesha. Nikamuongelesha Georgette mu sikio. Yeye akaweka mikono ku kiuno:

"Fundi, soma namba ine ya karatasi yenu. Fasi tunaonyesha sisi. Ama unataka tukusomee?"

Batu bakacheka, fundi mwenyewe akacheka, akahamisha shimo. Baba mudogo akasema mbele ya majirani: "Munaona avocat wangu, wakili wangu!" Na siku maji ilitoka, alifunga funguo ku kamba, akaivalisha Georgette ku shingo. Nilipiga mikono sawa bengine. Nilingojea Georgette aseme: ni Kavira alisoma. Alinitazama kidogo, kisha akatazama funguo.

Tangu siku ile sikulala muzuri, Yaya. Kila fasi alikuwa anapita, niliona tu ile kamba.

Nyuma ya juma mbili, secrétaire wa bureau ya maji alikuya mwenyewe, na karatasi ingine. "Ni formalité, papa, kawaida ya bureau. Saini tu hapa chini." Baba mudogo akaita: "Georgette, kuya usome." Hakuniita mimi. Georgette akashika karatasi, mimi nikasimama nyuma yake, sawa kawaida. Unajua mimi ninasoma mbio. Nikaona: toka barabara mupaka ku robinet, tuyau ikivunjika, mwenye nyumba atajitengenezea mwenyewe. Mu contrat ya kwanza ile kazi ilikuwa ya bureau. Georgette alikuwa anafwata maneno na kidole. Akageuza kichwa kidogo, akaleta sikio karibu na kinywa yangu. Alingojea.

Mimi nikatazama kuku. Kulikuwa kuku moya inakuna udongo pale karibu ya muti, nikaitazama sawa sijaona kuku tangu nizaliwe.

"Ni sawa, papa," Georgette akasema. "Ni formalité." Baba mudogo akasaini.

Siku mbili nyuma, camion ya askari iligeukia mu kabarabara yetu, ikavunja tuyau. Maji ikajaa barabara yote, kisha ikanyamaza. Baba mudogo akaenda ku bureau, bakamuonyesha saini yake. Bakamuambia tena kama tuyau ya namna ile hakuna mu Beni yote, inatokaka Uganda, angojee. Aliporudi hakupiga kelele, akamuvua Georgette ile kamba ya funguo. Alisema tu: "Avocat wangu, uliniuzisha. Wewe ulisoma, wewe utateka." Na mutoni yenye kuwa karibu, Yaya, iko ngambo ya barrière ya askari.

Nikuambie kweli yote: siku ya kwanza Georgette alipoenda na bidon ku kichwa, mimi nilibakia kumenya mihogo, na nilifurahi. Niliimba hata wimbo ya chorale.

Siku ya pili alichelewa. Askari balimutekesha maji yao safari tatu mbele ya kumuachilia. Siku ya tatu alirudi bila kitambaa ya kichwa. Alikuwa ananawa miguu, anaongea polepole, yeye mwenye sauti yake inasikilikaka ku kona. Askari moya alimuambia mu Lingala arudi kesho, peke yake.

"Usiambie papa," akaniambia. "Akienda kusema nabo, batamupiga."

Asubui nilikamata bidon ya pili, nikamufwata. Mbele ya kufika ku barrière nikasimama.

"Georgette, ile karatasi niliiona."

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Wewe ukisoma neno mubaya unakunjaka midomo. Niligeuka, nikaona umekunja. Kisha ukatazama kuku."

"Na juu ya nini hukuniuliza?"

"Mbele ya papa? Na funguo ku shingo?" Akaweka bidon chini, akakaa juu yake. "Ile funguo ilikuwa inaninyonga. Mais sikutaka kuivua."

Pale nikamuambia yenye nilikuwa ninajua tangu mwanzo: contrat ya kwanza inasema, bakibadilisha kitu, mwenye nyumba iko na siku munane ya kukatala, hata kama alisha saini. Nikahesabu mu vidole. Ilikuwa siku ya sita.

"Utasema wewe," nikamuambia.

"Hapana, Kavira. Mimi nilisema mara mbili, angalia fasi tuko."

Tukarudi na bidon bila maji. Tukamukamata baba mudogo ku kazi yake ya mbao, tukaenda ku bureau. Pale inje kulikuwa mulongo ya batu. Nilifungua contrat, nikaanza. Secrétaire akasema: "Sauti, mademoiselle. Hapa hatuko ku confession kwa padri." Batu bakacheka. Nikasoma mu Kifaransa, kisha mu Swahili, mupaka mwisho. Kicheko ikaisha. Mama moya mu mulongo akauliza: "Siku munane, unasema? Sisi alituletea ile karatasi juzi." Mwengine akasema: "Na sisi jana." Bakaanza kutosha makaratasi mu bitambaa, kila mutu ananinyooshea yake: nisomee, mutoto, nisomee na yangu.

Secrétaire akafunga mulango, akafungua tena, akapasua ile karatasi ya pili mbele ya baba mudogo. Kesho yake fundi alikuya na tuyau. Ilikuwako, Yaya. Ilikuwako mu dépôt yao siku zile zote Georgette alikuwa anapita ku barrière.

Sasa maji inatoka na hakuna mutu wetu anaenda ku mutoni. Siku ile, tukiwa njiani kurudi toka bureau, baba mudogo alisema: "Georgette, umefundisha leki yako, mudogo wako, kusema. Wasingya, asante." Akamurudishia funguo. Georgette akafungua kinywa, mimi nikamukanyaga muguu. Juu akisema ni nani alikuwa anasoma, itabidi aseme pia ni nani alinyamaza. Nimeacha vile. Baba mudogo hajajua mupaka leo, na ninaogopa akijua atanirudisha.

Mais wivu haijaisha, usinizanie mwema. Leo asubui Georgette alivua kamba, akanivalisha mimi, akaenda ku chorale. Funguo ilikuwa ingali na moto ya mwili yake. Nikafungua cadenas, nikasimama sawa yeye anasimamaka. Ule mama wa mihogo akafika wa kwanza na bidon yake, akaniangalia juu mupaka chini, akauliza: "Na Georgette iko wapi?"

Unisalimie Mama na Baba. Unisalimie tate mwanamuke, bibi yetu, umuambie ninalalaka na ile kikwembe yake. Umusalimie leki yetu, na asishike kalamu zangu. Umusalimie pia maître wangu wa Kifaransa, umuambie kama nilisoma mbele ya batu mupaka mwisho.

Wewe unijibu, Yaya. Hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi Kavira, mwenye alitazama kuku.