Maji ya Chini ya Sakafu

Jumamosi, 11 Januari

Sjoerd ananificha kitu. Nimeshasema, basi! Tangu boti yetu ing'oe nanga bandari ya Mindelo, Kepuvede, kuelekea Suriname, mume wangu hagombani na mtu. Sjoerd! Leo kampa binti yetu Jildou pakiti nzima ya zile pipi nyeusi za chumvi — zake mwenyewe, alizozificha kwenye soksi asije mtu akazigusa. "Kula tu, mwanangu." Mtoto kashangaa kuliko mimi. Mume akianza ukarimu wa ghafla, lipo jambo.

Pampu ya chini ya sakafu, ile inayojiwasha yenyewe maji yakiingia botini, imewaka tena. Asubuhi pia iliwaka.

Jumapili, 12 Januari

Pampu tena. Sjoerd kainua ubao, kachovya kidole, kalamba. Kwetu Friesland, Uholanzi, kila mtoto wa boti anajua: maji yakiwa matamu, ni tangi la maji ya kunywa linavuja, endelea na safari. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia.

"Matamu," kasema.

Nikamuuliza, una hakika?

"Wietske, nahodha hapa ni nani?"

Haya, nahodha. Lakini kama tangi linavuja, mbona bomba la jikoni bado linatoa maji kwa nguvu? Sikuuliza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja niulize.

Jumatatu, 13 Januari

Vita jikoni! Mama mkwe kaunguza supu ya njegere — boti iliyumba, akakimbilia kushika vyombo, sufuria akaisahau. Mimi na Jildou hatukuweza kumeza. Sjoerd kamaliza bakuli, kaomba jingine!

"Mama, leo umepika!"

Mama mkwe kaweka mwiko chini. Kasema tangu amzae hajawahi kumsikia akisifia supu yake, hata ile ya harusi. Ama anamdhihaki, ama mgonjwa. Sjoerd kacheka. Kicheko cha kujilazimisha, nakijua.

Mgonjwa. Neno hilo limenikaa. Mindelo alijifungia chumbani na homa, akatoka akisema ni uchovu tu. Na mimi nilishaapa tangu visiwa vya Kanari, mbele ya wote: mtu akiugua tena safarini, nachukua ndege na mtoto wangu, narudi nyumbani. Anajua sitanii. Mficha maradhi, kilio humfichua — lakini sisi tuko katikati ya Atlantiki, kilio chetu atakisikia nani?

Jumanne, 14 Januari

Pampu haipumziki. Zulia la chumbani kwa Jildou limelowa. "Tangi hilo," kasema Sjoerd kutoka kwenye usukani, hata hakugeuka.

Nikainua ubao mwenyewe. Maji machafu, yana mafuta, kinyaa kitupu. Nikafumba macho nikalamba.

Chumvi! Nikalamba tena, labda ni jasho la mkono wangu. Chumvi tupu! Kanidanganya! Mtoto wake analala juu ya bahari na yeye ananiambia matamu!

Nilitaka kupiga kelele. Mama mkwe akanishika mkono. Akauliza: zile pipi, je? Na ile supu? Akachota ndoo ya maji ya bahari, akachemsha kahawa kwa maji hayo hayo, akaweka biskuti moja pembeni — moja, kisha kopo likafungwa, kama desturi ya kwetu siku zote.

"Mpelekee," kasema. "Tujue moja: ama ni mwongo, ama ulimi wake hauonji tena."

Nimempelekea. Nimeketi hapa ngazini na daftari magotini, namwangalia. Nampenda huyu mtu, na sasa hivi namwogopa. Kanywa funda la kwanza. La pili. Jildou yuko pembeni yake, anatafuna pipi za baba yake. Nyuma yangu mama mkwe anang'oa mbao za sakafu moja moja, anatafuta maji yanakoingilia.

"Mbona mko kimya leo?" Sjoerd anauliza.

Namuuliza, kahawa ikoje?

Analamba midomo. Anafikiri. Anafikiri sana, maskini.

"Nzuri," anasema. "Ila sukari umezidisha kidogo."

Mama mkwe kaacha kung'oa. Chini pampu imenyamaza, hakuna aliyeizima, na maji bado yanapanda.