Mtani Aliyelia Msibani

Dar es Salaam,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, ila akili bado imeduwaa, nitakueleza. Mguu wako unaendeleaje na baridi hii ya Julai? Ulezi mmekwisha kuvuna? Huku ni joto lilelile, mtu unatoka kuoga na jasho linakusubiri mlangoni.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ya nyumbani anaishika baba, na mimi na baba tuna mazungumzo yetu ya miaka saba sasa. "Shikamoo." "Marahaba. Ongea na mama yako." Tangu nilipoacha ualimu nikaingia kwenye kuchekesha, akasema hakunisomesha ili niwe kikaragosi, hatujavuka hapo. Na haya niliyo nayo hayasemeki na yeye amekaa pembeni anasikiliza.

Jumamosi ya wiki iliyopita, si ya jana, nilikwenda kuzika. Alifariki bibi mmoja wa Kirando, mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe hapa Kimara, na watoto wakaamua azikwe hukuhuku. Sikumjua. Nilipata taarifa kwenye kundi la watu wa kwetu, nikasema huyu ni wa nyumbani, siwezi kukosa. Nikavaa ile suti nyeusi ninayovaa nikiongoza harusi za wakubwa. Na nilipofika, mama, nililia. Sikuigiza. Niliwasikia akina mama wakiomboleza kwa Kifipa, nikakukumbuka wewe, machozi yakaja yenyewe.

Nikaenda kuwapa pole wafiwa. Nikajitambulisha kwa adabu kama ulivyonifundisha, kwamba naitwa Deo, mtoto wa Mzee Gaudensi wa Mollo. Shangazi yao, bibi mfupi aliyejifunga kitenge kiunoni, akaacha kulia palepale.

"Gaudensi wa Mollo? Mtani wetu?"

"Ndiyo bibi, wa Mollo."

"Sasa wewe unalia nini?"

Nikamwambia nalia msiba. Akawageukia wenzake, akapiga makofi. "Jamani, njooni muone maajabu! Mtani analia! Toka asubuhi tunaulizana mtani atatoka wapi Dar hii, kumbe yuko hapa anatumalizia leso!"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Mimi, ambaye watu wanakata tiketi kuja kunicheka, nimekwenda kulia mahali pekee duniani ambapo kwa mila, kumbe ukoo wao na wetu ni watani, ilikuwa wajibu wangu kuchekesha! Lakini hiyo ni nusu ya mshtuko. Nusu nyingine ni waliyonisimulia hapo kuhusu baba.

Wanasema mume wa bibi tuliyekuwa tukimzika alipokufa kule Kirando, miaka mingi iliyopita, baba alivaa kofia na koti la marehemu, akakaa mlangoni, akawa anawafokea waombolezaji kwa sauti ileile ya marehemu, "Nani kala kitoweo changu? Na huyu anayelia sana, kwani alinipenda lini?" Makaburini akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka alipopewa kuku. Huyo shangazi aliniambia, "Baba yako alituchekesha mpaka tukaweza kulia vizuri." Na si msiba mmoja. Wananitajia Kirando, wananitajia Kasanga. Gaudensi! Baba yangu! Mtu ambaye kipindi changu kizima jukwaani kinaitwa "Baba Asiyecheka"!

Mama, ulijua. Ulijua miaka yote hiyo ukanyamaza. Sisi ulituambia tu, "Baba yenu kaenda msibani." Anarudi ameshika kuku, anatundika koti, anauliza nani hajafunga mbuzi. Nilidhani kuku ananunua njiani!

Ngoja nikuambie ninachokisema jukwaani, maana najua dada Skola anakuficha. Nasema baba yangu alicheka mara moja tu maishani, na hata hiyo ilikuja kugundulika kuwa ni chafya. Nasema baridi ya Sumbawanga inaingia kila nyumba bila hodi, lakini ikifika kwetu inabisha, inamwogopa mzee. Watu wanaanguka. Kumbe miaka saba nawachekesha watu kwa uongo kuhusu mchekeshaji mkubwa kuliko mimi.

Basi, wakanisukuma mbele ya kaburi. Nikajaribu vichekesho vyangu vya ukumbini, vile ninavyoviandika kwenye daftari wiki nzima, nafuta neno, narudisha neno. Nikapiga cha foleni ya Mbagala. Kimya. Nikapiga cha baba mwenye nyumba. Mtu mmoja alikohoa. Ukumbini watu wamekuja kucheka, hata ukijikwaa wanacheka. Pale hakuna aliyekuja kwa ajili yangu. Yule shangazi akaniambia taratibu, "Mwanangu, acha mambo ya mjini. Baba yako angekuwa ameshaingia."

Nikaingia, mama. Na suti. Nikalala chali kwenye udongo, nikatazama juu, nikaona vichwa vimezunguka. Sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, ile anayoulizia mbuzi. Nikasema, "Sitoki! Mama huyu msimlilie sana. Leo dagaa wa ziwa zima wanafanya sherehe, adui yao amelala!"

Halafu mwanawe mkubwa, Bwana Jofrey, ambaye wanasema hakudondosha chozi siku tatu, akacheka. Akacheka akainama, akashika magoti, na katikati ya kile kicheko akaanza kulia kwa sauti. Ndugu zake wakamshika. Nilitoka mle nikijikung'uta udongo. Sijawahi kuchekesha hivyo na sijui kama nitaweza tena.

Kuku nilipewa. Ametaga jana bafuni kwangu.

Lakini kilichoninyima raha wiki nzima ni neno la yule shangazi wakati wa kuagana. Nilimuuliza kwa utani tu, siku ya baba itakuwaje? Akasema, "Tutakuja sisi, watani zake. Wewe siku hiyo utakaa na wafiwa, ulie. Mtoto hana utani na msiba wa baba yake." Kwa hiyo koti lake atavaa mtu mwingine, sauti yake ataigiza mtu mwingine, na mimi ninayeijua kuliko wote nitakuwa nimekaa mkekani, sina ruhusa ya kutamka neno. Chochote nilicho nacho cha kumchekesha yule mzee, lazima nikitumie akiwa hai. Nimepoteza miaka saba kwenye marahaba.

Nakuja Krismasi. Kabla ya hapo nakuomba jambo moja. Barua hii anakuletea Bwana Jofrey mwenyewe, anapita Sumbawanga akielekea Kirando. Akishaondoka, mwite baba, umsomee yote kwa sauti, hata pale nilipomsema. Asipotaka, soma tu mkiwa mnakula, hawezi kuacha ugali.

Nisalimie dada Skola na shemeji, mwambie dada namdai maelezo kama naye alijua siri ya baba. Msalimie bibi, mke wangu wa kwanza, mwambie mumewe bado hajaoa mwingine. Msalimie na mjomba wa mashineni.

Na baba, mpe shikamoo yangu. Akiitikia marahaba, usinyanyue simu kuniletea. Mwache anipigie yeye.

Ni mimi mwanao,
Deo.

Nimesahau. Ukiwa unasoma, usimtazame usoni, atajizuia. Sikiliza tu. Akipiga chafya, weka alama hapo kwenye karatasi.