Kisu Kilichobaki Nyumbani

Kiprono mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Kimulot tuko salama. Nyanya yako bado anachuma majani chai, ingawa magoti yanamsumbua.

Umeuliza ununue kisu gani cha mfukoni. Nunua kidogo, cha kukunja, ambacho hutachoka kukibeba. Mimi nilikuwa na kizuri, tena kikali. Jumapili moja nilivaa suruali ya kanisa, nikakiacha kwenye ile ya kazi. Nikirudi kutoka ibadani nikampata ng'ombe wetu mtamba ameteleza kwenye mteremko, kamba imemkaba shingo. Fundo lilikataa kufunguka. Nikakimbia nyumbani kuchukua kisu. Niliporudi, alikuwa ameshatulia, hapumui tena.

Tangu siku hiyo ninacho mfukoni, hata nikienda kanisani. Siku nitakapovalishwa suti ya mwisho, hapo ndipo ukichukue.

Kugo, babu yako