Kuhusu Ugonjwa wa Shemeji na Chupa Zisizo na Lebo

Kwako Kaka Mkubwa,

Baada ya salamu na heshima zote zinazokustahili, natumaini u mzima huko kazini. Dhumuni la waraka huu ni kukuarifu juu ya maradhi yaliyompata mkeo, Shemeji yangu, na kuomba uamuzi wako. Usishtuke: yu hai, na leo amekunywa chai na kudai sukari iongezwe.

Jumanne asubuhi nilimchanganyia dawa ya wadudu, akajitwika bomba mgongoni kwenda kupulizia nyanya. Bomba lilivuja likamlowesha mgongo. Nilimshauri akabadili nguo. Akanijibu kwamba wadudu hawasubiri mtu achague gauni. Kufikia saa tano alikuwa akitokwa na jasho na mate, akatapika, miguu ikamwisha nguvu. Nilimkimbiza hospitali kwa pikipiki ya jirani.

Daktari aliniuliza alikuwa akipulizia nini. Nilimjibu kwa ufasaha kwamba ni kirutubisho cha majani. Basi akamtibu kama mtu aliyekula chakula kibaya, akamtundikia dripu. Ilipita saa nzima. Ndipo muuguzi mmoja mtu mzima alipomfunua kope, akakuta mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akanusa gauni, akanigeukia mbele za watu: "Baba, kirutubisho gani hiki kinachomziba mtu pumzi?"

Walimvua, wakamwosha kwa sabuni mpaka nywele, wakamwekea oksijeni. Wakamchoma sindano za atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, moja baada ya nyingine, wakisikiliza kifua hadi maji yaliyojaa mapafuni yakakauka. Alipozinduka kesho yake alinilaumu kwa kuwaacha wageni wamsugue kama sufuria iliyoungua. Kisha akanishukuru, akisema bila mimi angekuwa marehemu.

Kaka, shukrani hiyo siistahili. Lebo za chupa zote za stoo nilizibandua mimi kwa maji ya moto, majirani wasije wakaiga mchanganyiko wangu. Daktari aliponiuliza, sikukumbuka nilimimina kutoka chupa ipi, na ningesema dawa ya wadudu angetaka jina lake. Nikaona haya kutamka "sijui" mbele ya msomi, mimi ninayewaandikia watu barua zao, nikachagua jina lililosikika vizuri. Saa ile nzima mkeo aliipigania pumzi kwa sababu ya haya zangu.

Daktari nimekwisha kumweleza, na chupa zote nimezipeleka kwake. Shemeji nitamweleza mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla hajatoka Jumamosi. Anasema akirudi ataendelea kupulizia, mradi dawa nichanganye mimi, kwani mkono wangu anauamini.

Ufunguo wa stoo ulinikabidhi wewe. Mleta barua atangoja jibu. Naomba uamuzi wako: nibaki nao, au nimkabidhi mkeo?

Wasalaam,
Mdogo wako mtiifu,
Katibu