Kaka Haisikii Gitaa Yake

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni mpiga picha za harusi, lakini mwaka wa nne huu natengeneza kwa nguvu zangu dokumentari ya bendi za muziki wa hevi metali za mtaani kwetu, wale wa fulana nyeusi ambao majirani wanadhani wanaabudu shetani, kumbe ni mafundi na wapakiaji mizigo waliokodi stoo nyuma ya gereji wapige kelele zao kwa amani, na mpiga gitaa wanayemhusudu wote ni kaka yangu wa tumbo moja, wanamwita Nyundo.

Sasa juzi mchana narekodi mazoezi, umeme ukakatika katikati ya wimbo, spika zikafa, mpiga ngoma akaacha, wote wakaanza kulaani, ila kaka kafumba macho anaendelea kuchapa nyuzi, jasho linamtoka, chumba kimya, mpaka alipoguswa bega akashtuka. Wenzake wakacheka, eti Nyundo kazama. Mimi sikucheka, nilikumbuka kwamba siku hizi hanijibu mpaka anitazame mdomoni. Nilipombana akalia, mtu mzima yule, akasema masikio yamekwisha, anafuata mguu wa mpiga ngoma na mtetemo wa sakafu, siku ile tu alizama asihisi vimekoma, na akaniapisha kwa kaburi la mama nisimwambie mtu, hata wifi, maana bendi itamtema na ghalani anakoendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, watamfukuza, na ana watoto watatu. Kazi yenyewe inamwelemea, wiki iliyopita alikuwa akirudi nyuma nayo akamvunja mguu mpakiaji mmoja, anasema jamaa angepiga kelele angesimama. Filamu inaoneshwa mwezi ujao, na ile dakika moja aliyopiga peke yake ndiyo roho yake. Niiweke au niitoe?

Dada Mpiga Picha

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, pole. Kumwona kaka yako akilia hivyo kunauma, na najua unampenda.

Lakini hebu soma tena barua yako! Filamu umeieleza kwa kirefu, mpakiaji aliyevunjwa mguu umempitia juu juu. Alipiga kelele, mdogo wangu. Ghala zima lilimsikia isipokuwa aliyeshika usukani. Na wewe umelijua hilo tangu alipokuambia, ukanyamaza, ukaenda kuhariri.

Hiyo dakika ni mali ya kaka yako. Asipoiridhia mwenyewe, itoe, na kama filamu itapwaya, ipwaye. Hilo ndilo jepesi.

Zito ni hili. Leo hii kaa mbele yake penye mwanga, aone midomo yako, umwambie kesho hapandi ile mashine. Wifi yako awepo, naye ana haki ya kujua. Mpeleke kwa daktari wa masikio, kisha mwende wawili kwa msimamizi wake mwombe kazi nyingine, hata ya kuhesabu maboksi. Hicho kiapo usinitajie, mama yenu asingekubali kaburi lake lifiche jambo kama hili.

Akikataa, uwe mlangoni kwa msimamizi kabla zamu ya asubuhi haijaanza, useme unachokijua. Watoto watatu wataumia, sikudanganyi. Yeye atakuita msaliti, na huenda asikusemeshe tena maisha yako yote. Nenda hivyo hivyo.