Deki Isizimwe Hadi Alhamisi

Jumapili, 22 Novemba 1998

Nimefuta vumbi sebuleni. Redio, televisheni, deki ya video. Nikarudisha juu ya deki kitambaa cha Mama cha kufuma. Saa ya deki inawakawaka sifuri nne, kama kila asubuhi, kwa sababu kila usiku Baba anashusha swichi kubwa ya ukutani. Mimi naiweka sawa, yeye anaifuta. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Nimemaliza kidato cha nne wiki mbili sasa na bado naamka alfajiri kusubiri kengele ya bweni.

Mchana, baada ya taarifa ya habari, wakatangaza vipindi vya wiki. Kwenye kimoja wanawake wa Kondoa wanasaga ulezi kwa mawe huku wanaimba. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Bibi. Sekunde mbili tu. Nilipiga kelele, mimi nisiyepiga kelele.

Kumbe ni kweli. Mwaka jana alisema watu wa televisheni wamemjia, tukamcheka.

Kipindi ni Alhamisi, saa nane mchana. Alhamisi hiyohiyo tutakuwa kijijini kwake, kwenye khitma ya arobaini yake. Kule hakuna umeme.

Jumatatu, 23 Novemba

Picha ya Bibi tunayo moja. Harusi ya Shangazi, Bibi kasimama pembeni, kakatwa nusu. Sauti yake hatuna kabisa. Alipofariki nilikuwa kwenye mitihani. Nyumbani walinificha hadi karatasi ya mwisho. Sikumzika.

Nimesoma kijitabu cha deki, kamusi mkononi. Inaweza kurekodi yenyewe, bila mtu, ukiipangia siku na saa. Sharti moja: umeme usikatike. Ukikatika, saa inafutika na maagizo yote yanafutika. Nikaijaribu. Nikaipangia taarabu ya saa kumi, nikaenda kuanua nguo. Ikanasa taarabu nzima.

Jumanne, 24 Novemba

Nilimwambia Mama jikoni kwamba nataka umeme uachwe hadi Alhamisi, deki irekodi. Akasema, "Kwani baba yako simba? Mdomo unao, nenda."

Nikampelekea Baba chai. Nikasema yote kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Umeme hauachwi nyumbani peke yake," akasema. "Ama ndani kuwe na mtu, ama swichi iwe chini." Miaka ya nyuma nyumba ya jirani yetu hapa Makole, Dodoma, iliungua kwa pasi iliyosahauliwa. Baba alikuwa mmoja wa waliobeba maji.

Nikasema basi nitabaki mimi.

Mama akaweka bakuli chini. "Hukumzika, na arobaini pia usiende? Tuwaambie nini watu, unalinda deki?"

Nimelia chooni. Kaburi lake au sauti yake. Nataka vyote viwili. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Jumatano, 25 Novemba

Asubuhi Baba akaja na fundi redio. Sikutegemea. Fundi akaweka kiganja juu ya deki, akacheka.

"Mzee wangu, hii hata ikae wiki haikuchomei nyumba. Kitakachoiua ni hili shela. Mmeivisha kama bibi harusi, itapumulia wapi?"

Mama hakucheka. Ila kitambaa alikitoa, akakikunja, akakitia kabatini.

Baba akachomoa pasi, akachomoa jokofu, akazima taa zote. Akaacha soketi moja tu. "Ni mama yangu pia," akasema, kama kuna mtu aliyembishia. Nikatia kanda mpya, nikaipangia deki Alhamisi, saa nane.

Mimi nikabaki na kazi moja kabla hatujaondoka. Kumpelekea Mama Chausiku, jirani yetu, ufunguo, atulishie kuku, kwa sababu pumba zao ziko ndani. Na kumwambia asizime umeme. Nikamkuta barazani na wageni. Wote wakanigeukia. Nikaamkia, nikatoa ufunguo, nikasema pumba ziko nyuma ya mlango. Nikaondoka. La deki halikutoka. Nikajiambia si kitu, yeye anaingia jikoni tu.

Alhamisi, 26 Novemba. Kijijini

Khitma imesomwa. Watu wengi. Shangazi amenipeleka kaburini, nikaomba dua, nikamwambia Bibi nilichelewa.

Saa nane nilikuwa jikoni kwake. Jiwe la kusagia bado liko pembeni, limebonyea katikati. Likizo zote nilikaa hapa, yeye anasaga, mimi namchagulia karanga. Alikuwa ananifungia zile zilizokaangwa kwenye ncha ya khanga, nile njiani. Sikuwahi kujifunza maneno ya wimbo wake wa kusagia. Nilidhani yatakuwepo tu.

Upande wa Dodoma mawingu meusi.

Jumamosi, 28 Novemba

Mama Chausiku alitupokea mlangoni, ana furaha.

"Poleni na safari! Jamani, Alhamisi radi ilipiga hapa, mvua ya kwanza ile! Nikasema nyumba ya watu hii. Nikakimbia, nikawafunikia vioo vyote na hiyo televisheni yenu, nikashusha na swichi kubwa."

Ndivyo kila mtu mtaani angefanya. Ndivyo Mama angefanya. Nikasema ahsante, mama.

Sebuleni khanga juu ya televisheni. Baba akapandisha swichi. Sifuri nne.

Baba akanitazama. Nikasema, "Sikumwambia, Baba. Niliona aibu, alikuwa na wageni." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kanda sijaigusa. Najichukia.

Jumapili, 29 Novemba

Baada ya chakula Baba akasema, "Iweke tuone."

Dakika kumi na moja zimo. Milima, mashamba, mtu anaeleza habari za ulezi. Kisha wanawake wamepiga magoti kwenye mawe, na Bibi mbele. Anaulizwa kama yuko tayari kuimba. Anainua uso. Anamwambia mpiga picha, kwa Kiswahili chake kile chenye lafudhi ya Kirangi, "Wewe, tangu asubuhi umebeba hilo dude begani. Umekula?" Wenzake wanacheka. Yule kijana anasema bado. "Basi weka chini. Siimbi mbele ya mtu mwenye njaa." Anafuta mikono kwenye khanga, anaanza kuinuka.

Halafu chengachenga.

Wimbo haumo. Mama akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Baba akacheka, akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha. Mara ya nne ilipoisha akasema, "Ndiye huyo." Akatoka kwenda kuswali alasiri.

Nikaitoa kanda. Ilikuwa na joto kidogo. Nikavunja kwa kisu kile kipande cha plastiki mgongoni mwake, asije mtu akarekodi juu yake. Kwenye karatasi ya ubavuni nikaandika jina lote la Bibi, kwa kalamu ya mitihani.