Jembe Lisilo na Mpini

Igamba, Mbozi,
12 Mei 2025.

Mpendwa Ipyana, mjukuu wangu na mume mwenzangu,

Habari za huko Kitwe? Afya yako je? Shangazi yako Enesi anakulisha vizuri, au umekonda hadi umefanana na mimi? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kulia limegoma, la kushoto linaendelea na kazi. Bibi yako Frida, yule mke tunayegombania mimi na wewe, bado ana nguvu za kunifokea asubuhi na jioni, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu unaizima ukiona namba yangu. Karatasi haina pa kuzimia. Nimempa Danford, yule dereva wa lori la saruji, na kama foleni ya Tunduma haitamzeesha, utaipata wiki hii. Mwandiko utanisamehe. Darasa la nne nililiacha kabla halijaisha.

Sasa nikuulize. Mwezi wa tisa mwaka jana uliaga kwamba unakwenda kutafuta kazi kwa shangazi. Kahawa yetu ilikuwa bado iko kwenye vichanja. Nikajiuliza, kijana gani wa miaka kumi na minane anaondoka wakati kahawa inakaribia kuuzwa, na viatu vipya hajanunuliwa? Swali likinikaa kichwani mimi ni kama ganda la mahindi lililonasa kwenye jino. Nimelichokoa miezi yote.

Jibu alilileta bibi yako mwezi uliopita. Alikwenda Mlowo kushonesha gauni, akamkuta Ruti, yule binti anayejifunza ufundi cherehani, aliyekuja kwetu msimu ule kutusaidia kuchuma kahawa. Ruti ananyonyesha. Mtoto wa kike, wiki tatu. Bibi yako akainama kumsalimia, akaona sikio la kushoto limekunjika juu kama ukurasa wa daftari. Akarudi nyumbani, akalishika sikio langu la kushoto, akalivuta.

"Hili nimelikuta Mlowo," akasema.

Nusu saa nzima mshtakiwa nilikuwa mimi, na wewe huko unakula nshima, ugali wa kwenu huko, kwa amani. Ndipo akakumbuka kwamba hilo sikio nimekugawia na wewe.

Ruti hajamtaja mtu. Baba yake Mbonile amemuuliza, shangazi zake wamemuuliza, mchungaji amemuuliza. Anawajibu, "Niacheni nishone." Je, mlipatana anyamaze, au ni moyo wake tu? Hilo nalo nataka kulijua.

Unajua taratibu zetu. Anatumwa mshenga, mtu wa nje mwenye maneno mazuri, na sisi wenye kosa tunabaki nyumbani tumeinamisha vichwa. Jirani yetu Boazi alikubali kwenda, ila akasema tungoje wiki moja. Wiki nzima! Nikavaa koti langu la harusi, nikatia jembe jipya la kukiri kosa kwenye mfuko, chuma tu kama lilivyotoka dukani, nikapanda bodaboda peke yangu.

Aliyefungua mlango ni bibi wa Ruti, Mama Teresia. Akatazama koti, akatazama jembe, akatazama mvi.

"Karibu, mkwe," akasema. "Tumepekua vijana wote wa Mlowo, kumbe ni wewe."

Shangazi wawili nyuma yake wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa.

"Hapana, mama. Mimi ni babu wa mwenye kosa."

"Na mwenye kosa hana miguu?"

Nikaanza kumweleza habari za goti langu, Ipyana. Mimi, ambaye mchungaji ananikwepa kwa sababu ya majibu yangu.

Mbonile hakucheka. Alilichukua jembe, akaliegemeza nyuma ya mlango. Hakusema amelipokea, hakusema amelikataa. Akasema mpini atautia mwenye mtoto, kwa mkono wake mwenyewe, yeye Mbonile akiona. Mtoto atabatizwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe nane mwezi wa sita. Siku hiyo jembe likiwa bado ni chuma kitupu, mtoto ataandikwa kwa jina la Mbonile, na tusije kumdai atakapokuwa mkubwa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Ningekuwa yeye, jembe lile ningelitupa barabarani.

Mtoto nilipewa nikampakata. Anapiga miayo kama mwenyekiti wa kijiji. Hana jina bado.

Ruti alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza anataka nini, ndoa au nini. Akasema, "Ndoa sijui, babu. Nataka aje amwone. Akitaka kukimbia tena, akimbie akiwa ameshamwona."

Sasa niambie, siyo kwa ugomvi, nataka kujua tu. Ulipoambiwa, ulikuwa umeshika nini mkononi? Uliogopa nini hasa? Baba yake? Kicheko cha wenzako? Au ni kule kuitwa baba wakati wewe mwenyewe bado unaficha sukari ya kulamba?

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyeniambia ni bibi yako Frida. Ndoo niliiacha palepale mtoni, nikaenda Zambia, nikachimba mitaro Ndola miaka minne. Njia ile umeifuata vizuri, utafikiri niliweka vibao. Niliporudi nilimkuta mtoto wa kike anacheza uani. Alinitazama, akakimbilia ndani, akanitolea kiti. Akakifuta vumbi kwa gauni lake. "Karibu mgeni," akasema, "mama yuko shambani."

Mtoto huyo ndiye mwenye nyumba unayolala. Muulize shangazi yako Enesi ilimchukua muda gani kuniita baba. Mimi najua idadi ya miaka, ila nataka uisikie kwake.

Msalimie yeye na mumewe Rabson, na watoto wote. Bibi yako anakusalimia na anasema sweta lako halijaliwa na panya. Mungu akulinde barabarani, na kwanza akugeuze uso uelekee huku.

Nyuma ya zizi kuna ule mti mgumu, umetoa tawi moja zuri lililonyooka kama mpini. Panga nimelinoa. Tawi sijaligusa, wala sitaligusa. Koti la harusi nitakuazima, kwa safari ya Mlowo tu.

Babu yako mwenye sikio lako, anayekupenda hata ukimzimia simu,
Osea